Babu wa mwanafunzi mmoja alisimamia kubomolewa kwa nyumba ya bibi wa mwenzake, na wote wako darasani kwangu. Walimu wa historia mngefanyaje?

Mwalimu wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia sekondari moja ya kata, barabara ya Musoma, ukishapita Igoma. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatukasirikiani.

Kila mwaka nikifika kwenye kipindi cha 1967 hadi 1977 darasa linalala. Siyo kwamba hayakutokea mambo. Ule muongo ulianza tarehe 5 Februari kwa kutangazwa Azimio la Arusha, lile la Ujamaa na Kujitegemea, ukaisha tarehe 5 Februari TANU na ASP ya Zanzibar walipoungana ikazaliwa CCM, na hapo katikati nchi iligeuzwa kama chapati. Benki zikataifishwa siku ya pili tu baada ya Azimio. Majumba ya kupangisha yakatwaliwa 1971. Karume, Rais wa Zanzibar, akauawa Aprili 1972. Mamilioni ya watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, ushirika ukavunjwa. Lakini mwulize mtoto Azimio la Arusha ni kitu gani, atakushushia malengo matano kwa pumzi moja kama konda anayetaja vituo. Mwulize swali linalofuata, kimya.

Mwaka huu nikasema hapana. Sikuanza na Azimio, nilianza na sketi. Niliwaambia kwamba kuanzia Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU walipiga marufuku minisketi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, wakaiita Operesheni Vijana, na kwamba Dar es Salaam kuna wasichana walivamiwa mitaani kwa sababu ya nguo. Darasa likaamka. Hata wale wa dirishani. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona suti na tai havikukatazwa? Si navyo vya Wazungu?" Nikamwambia swali lako liliulizwa magazetini wakati ule ule, na mpaka leo sijaona jibu la kueleweka.

Kipindi kilichofuata nikawaambia Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu toka Butiama mpaka hapa Mwanza, Oktoba 1967, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio na kuja kwenye mkutano mkuu wa TANU uliofanyika hapa hapa mjini. Hawakujua. Watoto wa Mwanza! Wakapiga hesabu kwa mwendo wao wa kutoka nyumbani hadi shule, wakatoka na siku nyingi kweli.

Kisha nikatoa kazi ya nyumbani, na hapo ndipo nilipoingia kwenye tope. Swali lilikuwa moja. Tafuta mzee aliyevuka miaka sitini, umwulize: mwaka 1973 ulikuwa unaishi wapi, na mwaka 1976 ulikuwa unaishi wapi? Basi. Niliwakataza kuuliza Ujamaa ni nini, maana ukimwuliza mzee Ujamaa ni nini anakupa hotuba. Ukimwuliza alikuwa anaishi wapi, anakuonyesha kwa kidole.

Jumatatu madaftari yakarudi yamejaa. Mtoto ambaye tangu kidato cha kwanza hajawahi kuvuka mistari mitano kaleta kurasa tatu. Kuna mzee alihamishwa mihogo ikiwa bado ardhini, akawa anarudi usiku kuichimba kama mwizi wa shamba lake mwenyewe. Kuna mama wa Ukerewe, yeye anasema kuhama hakumbuki kama kitu kikubwa, anachokumbuka ni kwamba miaka ile ndiyo alijifunza kusoma, chini ya mwembe, mtoto mgongoni.

Basi akasimama binti mmoja kusoma ya kwake. Bibi yake alihamishwa kiangazi cha 1974. Bibi haongelei nyumba kabisa, anaongelea mlango. Mlango wa mninga ulionunuliwa kwa hela ya pamba, pembe ya chini iliwahi kuliwa na mchwa ikapigwa kiraka cha bati. Mgambo waliung'oa wakaondoka nao. Binti akataja kijiji, akataja na cheo cha aliyesimamia: katibu kata. Jina la mtu hakutaja.

Nyuma kule mvulana akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo ni babu yangu."

Daftari la huyo mvulana nilikuwa nimeshalisahihisha na sikuona kitu, maana lilikuwa na mistari miwili tu. *Babu anasema 1973 alikuwa hapo, na 1976 alikuwa hapo hapo. Yeye hakuhama, kijiji ndicho kilimfuata.*

Kengele ikalia. Sijui ningesema nini isingelia.

Jumatano akaja mzazi, wala si wa hao wawili, na daftari la mwanawe mkononi, moja kwa moja kwa mkuu wa shule: tunawafundisha watoto kumchafua Baba wa Taifa. Mkuu wa shule kaniambia "fundisha kilichopo kwenye mtaala", sentensi ambayo kila mwalimu humu anajua maana yake.

Sasa wakuu. Niendelee, au nirudi kwenye malengo matano? Na hawa watoto wawili niwafanyeje?

Dagaa wa Kukaanga

Nimeweka kigoda changu hapa. Ngoja wenye somo waje.

Jineri

Mleta mada, mimi ni mwalimu mstaafu, chaki nimeshika miaka thelathini na kitu. Hilo swali la "ulikuwa unaishi wapi" nimelipenda, ningekuwa bado kazini ningeliiba. Lakini nina ugomvi na wewe. Umewatoa watoto 1969 kwenye sketi ukawatupa 1974 kwenye bomoabomoa. Hapo ulipoparuka ndipo somo lilipo.

Chukua maandiko mawili, weka ubaoni. La kwanza ni Ujamaa Vijijini, Septemba 1967. Mwalimu anasisitiza humo kwamba watu washawishiwe, wasilazimishwe. La pili ni tamko lake la Novemba 1973: kuishi vijijini sasa ni amri. Mwandishi yuleyule, miaka sita. Waulize watoto kilitokea nini hapo katikati na usiwape jibu. Wape tarakimu. Mwanzoni mwa 1973, baada ya miaka yote hiyo ya kuhubiri, waliokuwa wanaishi kwenye vijiji vya ujamaa walikuwa kama milioni mbili. Kufika 1977 wakahesabiwa kama milioni 13, kwenye vijiji zaidi ya 7,000. Milioni kumi na moja hazikuhamishwa na hotuba.

Halafu wasije wakakuambia njaa ya 1974 ililetwa na vijiji peke yake. Mvua zilikataa. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda dunia nzima baada ya vita ya Waarabu na Israeli ya Oktoba 1973, na sisi tukawa tunanunua mahindi nje kwa dola ambazo hatuna. Na watu walikuwa wanahamishwa majira ya kuandaa mashamba. Vyote viliingia chungu kimoja. Mwanafunzi akikupa sababu moja, mnyime maksi.

Na kwetu sisi wa pamba 1974 ni nusu ya uchungu. Miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa, Paul Bomani akiwa mbele, walijenga Victoria Federation, umoja wa ushirika uliokuwa na majineri yake wenyewe, yaani viwanda vya kuchambua pamba. Wakulima wenye jineri, fikiria! Ndiyo maana mimi humu naitwa hivi. Wahindi wafanyabiashara wa pamba walikuwa wamezoea kupima kwa mizani yao, ushirika ukaja na mizani yake. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, pamba ikawa inanunuliwa na mamlaka ya serikali moja kwa moja kijijini. Sheria ya ushirika ilirudi 1982. Lakini marehemu baba alikuwa na kitabu cha hisa, alikitunza kwenye sanduku pamoja na cheti cha ubatizo hadi anakufa, na hakuna aliyewahi kuja kumwambia zile hisa zilienda wapi. Hiyo haimo kwenye kitabu chochote cha kiada nilichofundishia. Naona hata kwako haimo.

Mlinzi wa Azimio

Nyie watu mna laana ya kusahau. Mimi nimezaliwa porini. Shule ya karibu ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima na fisi yupo njiani. Kijiji kilivyopangwa tukapata shule 1975, na 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza kama Azimio la Musoma lilivyoagiza 1974. Kabla ya hapo, 1973, kulikuwa na Mtu ni Afya redioni, watu wanakaa vikundi chini ya mti kusikiliza, wakitoka hapo wanachimba vyoo. Nani aliwahi kuchimba choo porini? Zahanati je? Ungeipeleka kwenye nyumba moja moja zilizotawanyika kama mbuzi?

Miiko ya uongozi ya Azimio hamuitaji kabisa. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa kwenye kampuni, kuwa na mishahara miwili, kuwa na nyumba ya kupangisha. Waambieni watoto hiyo miiko ililegezwa Zanzibar 1991, halafu mwaangalie viongozi wa leo. Badala yake mnawafundisha kwamba Nyerere alikuwa mwizi wa milango. Watoto wa miaka 15 watabaki na nini? Yaliyopita si ndwele.

Jineri

Mkuu, malizia methali: tugange yajayo. Utagangaje usipojua mgonjwa aliumwa nini?

Hilo la miiko nakubaliana na wewe asilimia mia.

Mama Minyaa

Mwangaluka mwanangu mwalimu. Mimi ni bibi, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, na ananisahihisha sana.

Mwaka 1974 nilikuwa na watoto wawili. Miji yetu huku Usukumani, yaani makazi ya kila familia, ilikaa mbalimbali, kila mji na uzio wake wa minyaa, zizi karibu, na ngitili, yale malisho tuliyokuwa tunayafungia hadi kiangazi kikali, iko ng'ambo ya mbuga. Ukimwona mgeni anakuja unapata muda wa kukoka moto, kubandika maji na kufagia kabla hajapiga hodi. Walivyotupanga kando ya barabara nyumba zikakaa kama madawati. Unakohoa, jirani anasema pole. Mwanzoni tulicheka.

Halafu mvua ikaja na shamba liko mwendo wa saa mbili. Kwenda saa mbili na kurudi saa mbili, jembe begani, unalima nini? Ng'ombe wa kijiji kizima wakawa wanakunywa bwawa moja. Ngitili zikawa za kila mtu, na cha kila mtu unajua kinavyokwisha. Baada ya miaka michache kuni zikawa mbali kuliko shamba.

Sisemi yalikuwa mabaya yote. Binti yangu wa pili alisoma kwa sababu shule ilikuwa pale, mlangoni. Mkubwa, aliyekua porini, hajui kusoma mpaka leo. Hao wawili ni ndugu tumbo moja. Nikiulizwa Operesheni Vijiji ilikuwa nzuri au mbaya huwa nawataja hao wawili halafu nanyamaza.

Minyaa haifi, mwanangu. Nenda leo kwenye matongo yetu utaikuta imezunguka vilevile, ndani hamna mtu. Wapeleke watoto wakaione.

Kuhusu yule babu. Usimwite mzee darasani mbele ya wajukuu. Mwendee kwake, ukae, ukipewa chakula ule, ndipo uulize. Na usiende na daftari. Wakati ule katibu kata alikuwa kijana aliyesoma mpaka darasa la nane, amepewa tarehe kutoka wilayani, na wilaya nayo imepewa tarehe kutoka mkoani. Wapo waliokuwa wakali kwa kupenda, wapo waliokuwa wakali kwa kuogopa. Sisi tuliohamishwa tulijua yupi ni yupi. Karatasi haijui.

(Mjukuu hapa: nilitaka kuondoa hiyo sentensi ya mwisho, bibi kakataa.)

Dagaa wa Kukaanga

Bibi shikamoo. Kigoda nimekisogeza karibu.

Kamanga Feri

Naona hakuna aliyegusa mwisho wa muongo, na ndiyo sehemu ya kwetu kabisa. Mwaka 1976, mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa kwenye msako wa mauaji yaliyokuwa yanahusishwa na imani za uchawi. Wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mapema 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu, na hakuna aliyesema yeye kamshika mtu hata mkono. Miaka minane baadaye ndiye rais. Mimi nafundisha uraia na huo ndio mfano wangu wa uwajibikaji kila mwaka. Darasa huwa linapiga makofi.

Binti Nansio

Mfano mzuri kaka Kamanga, lakini angalia hadithi unaimalizia wapi. Inaisha waziri akiwa shujaa. Waliokufa hawapati hata sentensi moja yao wenyewe. Mwanafunzi anatoka darasani anamjua aliyejiuzulu, hamjui aliyepigwa, wala hajui kwa nini mwanakijiji aliyekamatwa hakuwa na mahali pa kulalamika. Hapo ndipo ningetaka wakae kidogo kabla ya makofi.

Nami naongeza Mwongozo wa 1971. Chama kiliandika kwa mkono wake kwamba kiongozi asiwe na majivuno wala dharau wala asikandamize watu. Wafanyakazi viwandani wakausoma, wakaushika, wakaanza kugoma dhidi ya mameneja wenye dharau. Mwaka 1973 wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel kule Dar wakafika mahali pa kukishika kiwanda wenyewe. Serikali haikufurahi. Darasani kwangu vijana wanaipenda hiyo kuliko kitu chochote, kwa sababu wanajua ilivyo kuambiwa "kuweni wabunifu" halafu ukibuni unachapwa.

Kamanga Feri

Dada umenishika pabaya. Nakubali. Nitawaambia wangoje kupiga makofi.

Kijana wa Kirumba

Mimi siyo mwalimu, nimemaliza kidato cha sita mwaka jana. Historia nimeisoma kwa Kiingereza. Babu yangu alikuwepo kwenye mambo yote hayo, halafu daftari langu linaloeleza maisha yake hawezi kulisoma. Wadogo zangu sasa wana Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, mdogo wangu akiwa anajisomea sebuleni mzee anamkatiza: "Hapo wamekosea!" Sijui kama kweli wamekosea ila nyumba imechangamka.

Kitu ambacho mwalimu wangu hakunifundisha, nimekikuta mwenyewe, ni wale wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam Oktoba 1966. Waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti yaliyowekwa, wakafika mpaka Ikulu. Mwalimu akakasirika, akawafukuza zaidi ya mia tatu, warudi kwao. Na palepale akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu na kitu mbele, Azimio la Arusha hilo. Yaani mimi nimesoma Azimio miaka minne hakuna aliyeniambia kwamba kabla yake kulikuwa na vijana wa umri wangu waliogoma! Ningesoma kwa hamu.

Halafu naomba kuuliza. Babu kila nikimwuliza vita ya Kagera anaanza na swala wa Saanane. Ananitania?

Jineri

Hakutanii. Ila hiyo ni 1979, nje ya muongo wa mleta mada. Ndege ya Libya, waliokuwa wanamsaidia Amin, ilikuja kulenga mafuta hapa Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Ukisimama Capri Point unakiona kisiwa hicho hapo. Kama unataka ya ndani ya muongo, Septemba 1972 ndege za Amin ziliangusha mabomu Bukoba na hapa Mwanza pia, baada ya watu wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kuvamia Uganda wakitokea kwetu. Mwambie babu akusimulie na hiyo.

Mlinzi wa Azimio

Nimesoma alichoandika bibi mara mbili. Sijabadilisha msimamo, lakini bibi namheshimu.

Mwalimu wa Zamu

Wakuu samahani kwa kupotea, tulikuwa na mitihani ya muhula. Narudi na mrejesho.

Kwanza mkuu wa shule. Nilimpelekea muhtasari wa somo nikamwonyesha kwamba Azimio na vijiji vimo, na kwamba swali langu lilikuwa la anwani tu: uliishi wapi. Akacheka, akasema endelea lakini kazi za nyumbani nizione kabla. Mzazi yule hajarudi. Sina zaidi ya kusema hapo.

Jineri, nimeweka yale maandiko mawili ubaoni, 1967 na 1973. Nilitegemea watasema "alibadilika", wakagawanyika. Upande mmoja ukasema alichoka kusubiri. Upande wa pili ukasema wa chini yake walichoka, yeye akawafuata. Binti wa suti na tai akasema labda hakuna aliyechoka, labda walitaka kumaliza kabla mvua haijanyesha. Kipindi kikaisha wanabishana, wakaendelea koridoni. Mwalimu wa hisabati aliyekuwa anangoja kuingia kaniangalia vibaya. Hisa za baba yako nazo nimezisimulia, bila jina. Wameuliza kama kile kitabu bado kipo.

Bibi Minyaa, nimefuata maneno yako. Jumapili nilienda kwa yule babu na kilo mbili za sukari na majani ya chai, bila daftari. Tukaongea mvua. Tukaongea Simba na Yanga, maana mzee ni Yanga wa kufa na kuzikwa. Ugali na sato ukaja, nikala. Ndipo akasema mwenyewe, hajaulizwa: "Umekuja kwa ajili ya mlango."

Mjukuu alikuwa ameshamwambia kila kitu.

Akaniambia milango na mbao za waliohamishwa vilitakiwa virudishwe kwa wenyewe kule walikopangiwa viwanja. Vingine vilirudi. Ule wa mninga ulikuwa mzuri, ukawekwa kwenye ghala la kijiji, kwa muda. Ukakaa huo muda mpaka ghala likaanguka mvua za El Niño. Hakuomba radhi na hakujitetea. Aliuliza kama yule bibi bado anachechemea mguu wa kushoto, maana alianguka kwenye lori siku ile, na yeye alikuwepo. Nikamwambia sijui. Akanisindikiza hadi njia panda kwa fimbo yake, mzee wa miaka themanini na kitu.

Bibi wa binti naye kapelekewa habari na mjukuu wake. Majibu yake: ghala lilianguka, sawa, mbao je? Mninga hauozi kwa mvua moja.

Watoto wenyewe hawajawa marafiki, wasije watu wakadhani. Wanakaa pembe tofauti kama zamani. Ila kijana ameongeza mstari wa tatu kwenye daftari lake, chini ya ile miwili. Sitauandika humu, ni wa kwake.

Mama Minyaa

Huyo bibi amesema kweli. Mninga hauozi.

Mlinzi wa Azimio

Nimekaa na huu uzi wiki nzima. Acha niseme kitu na mtu asinicheke.

Ile shule yetu ya 1975 niliyoitaja huko juu. Darasa la kwanza na la pili tulikaa chumba kimoja, udongo na nyasi, kimejengwa kwa nguvu za wananchi. Chumba kilikuwa na milango miwili. Mmoja wa debe zilizokunjuliwa. Wa pili wa mbao nzito, umepakwa mafuta, una komeo la chuma la kuchongwa, unafungwa watoto watatu mkisukuma. Juu kwenye fremu kulikuwa na tarehe iliyochorwa kwa kisu, 1968. Shule ya 1975, mlango wa 1968. Nimesoma pale miaka yote, nikajua kusoma tarakimu kwa kuiangalia hiyo hiyo, na sikuwahi kujiuliza.

Mwalimu wa Zamu

Mkuu. Pembe ya chini ilikuwa na kiraka cha bati?

Mlinzi wa Azimio

Hapana, si huo. Mimi ni wa upande wa Sengerema, ni mbali na huko kwenu. Huu ni wa mtu mwingine.

Shule ilishajengwa upya kwa matofali, ila chumba cha zamani nasikia wanawekea majembe na madawati mabovu. Siku hizi daraja lipo, hatungoji tena feri. Jumamosi nitavuka nikauangalie.

Dagaa wa Kukaanga

Mkuu ukifika pale piga picha ya hiyo tarehe, uiweke humu. Huenda mwenye kisu bado yupo.

Mlinzi wa Azimio

Sawa.